Jumanne za Kliniki ya Mbita

Mwaka nilioajiriwa ni ule tuliokula ugali wa muhogo mtupu, mahindi yamekaukia shambani na omena, dagaa wa ziwani, inapimwa kwa kijiko. Siku ya kwanza, katika zahanati moja huko Ntimaru, Nesi Mkuu alinipa rejista, kile kitabu cha kuandikia kila mtoto aliyechanjwa.

"Umefika darasa la ngapi?"

"La sita."

"Inatosha. Siku kwanza, halafu mwezi, halafu mwaka. Ukigeuza, nitakugeuza wewe."

Baadaye nikahamishiwa Mbita. Huko fomu za wafadhili zilitanguliza mwezi. Nesi mmoja alifuata fomu, mwingine alifuata alivyofundishwa, na kitabu kikabeba yote mawili.

Nilipokaribia kustaafu, rejista zikapelekwa Homa Bay ziingizwe kwenye kompyuta. Afisa wa Takwimu, msichana wa kucha ndefu, akaniita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, kama nyanya yake.

"Dani, mashine inasema watoto wengine walichanjwa kabla ya kuzaliwa. Natoa safu zao zote."

Safu ni mstari wa mtoto mmoja. Ukiutoa, surua ikiingia kijijini hakuna atakayejua kwamba huyo anangoja sindano ya pili.

"Hiyo mashine yako haina akili?"

"Inafanya tu ile inaambiwa, Dani."

"Basi iambie hivi."

Namba ya kwanza ya tarehe ikipita kumi na mbili, hiyo ni siku. Mwezi wa kumi na tatu haupo. Ya pili ikipita, basi mwezi umetangulia. Zote zikiwa ndogo, isome huku na huku, uchukue inayoangukia Jumanne. Mbita tulichanja Jumanne peke yake, kwa sababu chanjo ilifika na barafu, na barafu haikungoja Jumatano. Zote mbili zikiwa Jumanne? Tazama mtoto wa juu na wa chini. Kitabu hakirudi nyuma.

Akaiandikia mashine, ikiwa hivi, fanya vile, akabonyeza. Watoto wakarudi kwenye orodha makundi kwa makundi. Mimi wa darasa la sita nikakalia kiti cha kuzunguka, maafisa wamesimama nyuma yangu.

Sasa nimestaafu, na sijutii hata siku moja. Ukurasa mmoja ulikuwa umelowa mvua, wa juu na wa chini hawasomeki. Watoto wake niliwafuata kisiwani Rusinga kwa mama zao wenye kadi za chanjo, kadi kwa kadi, hakubaki hata mmoja nje. Wajukuu huniuliza nani alinituma. Hakuna. Mkuu wa Rekodi alikuwa ameshachoka.

"Hao tukisie tu, mama. Tumalize."

"Sikisii siku ya mtoto."

"Na unastaafu Ijumaa?"

"Sikisii siku ya mtoto."