Chawa Ambao Hawakuwepo

Udongo uliolowa ndani ya plastiki una harufu yake: nusu mvua, nusu soksi. Ndiyo harufu ya masika ya Segerea nilipokuwa na miaka tisa, kwa sababu masika yale tulifuga chura. Alikuwa wetu wawili, mimi na Zuhura wa nyumba ya pili. Yeye ndiye aliyemkamata mtaroni. Ndoo ya rangi alimokaa, yenye udongo na majani, ilikuwa yangu. Tukapatana kama watu wazima: siku tatu kwao, siku tatu kwetu. Niliihesabu wiki mara mbili, na mara zote ikabaki siku moja. Hiyo tuliigombania kuliko chura mwenyewe.

“Nimemkamata mie,” alisema Zuhura.

“Basi mlaze kiganjani,” nikamjibu.

Jumamosi moja ndoo iliporudi kwetu nikaona udongo unachezacheza. Vidudu vyeupe, vidogo kama chumvi, vinaruka nikivipuliza. Nikamwita baba, mwalimu ambaye hajawahi kujibu kitu kwa ufupi isipokuwa hicho: “Hao wanakula ukungu tu. Hawamdhuru chura wala mtu.” Nilimsikia vizuri, sina pa kujitetea hapo.

Alasiri wasichana wa mtaa tulikuwa kibarazani kwa dada Mwanaidi, msusi wetu, tukingoja nywele za Idd ya kesho kutwa. Zamu ya Zuhura ilipofika, nikainua ndoo na kusema kwa sauti ya huruma: “Dada, angalia kwanza. Chura katoka kwa kina Zuhura na chawa.”

Mwanaidi akarudisha mkono. “Haa! Na kitana changu hikihiki?”

“Ndo maana anajikunaga!” akadakia mmoja.

Zuhura hakuitazama ndoo. Alinitazama mimi. “Sina chawa mie,” alisema, mara moja tu. Ulimi hauna mfupa. Wangu siku hiyo haukuwa na haya pia.

Kabla ya magharibi habari zilimfikia mama yake, na mama aliyeambiwa mwanawe ana chawa karibu na Idd hajadiliani na mtu. Alichukua wembe, kisha mafuta ya taa. Zuhura alisherehekea kwa gauni jipya la njano na kichwa kinachong’aa, watoto wakimfuata, “Kipara ngoto!” Mimi nilikuwa na mistari kumi na minne kichwani na chura wa wiki nzima, kwani Zuhura hakuja tena kudai zamu yake. Siku ya nne nikamrudisha mtaroni. Nilishindwa kumtazama chura yule.

Siku hizi mitaro ya Segerea imefunikwa kwa zege, vyura huwasikii, na mtu anaweza kudhani na mengine yamefunikwa humohumo. Mimi ni mfanyabiashara. Maneno ya kumlainisha mtu ndiyo kazi yangu. Lakini la kuvunda halina ubani. Mwaka jana nilimkuta Zuhura harusini, nikamweleza yote, hata jibu la baba.

“Nilijua siku ileile,” alisema. “Kichwa changu, nisijue kama kina chawa?”

Nikamuuliza mbona hakumkatalia mama yake.

“Nilimkatalia. Nililia mpaka sauti ikakauka. Akaniambia, tulia mwanangu, huyo ni rafiki yako, anakupenda, hawezi kukuzulia.”