Msafara wa Izmir

Mume wangu alikuja London kusomea udaktari wa historia, nami nikamfuata mwishoni mwa miaka ya tisini, nikimwacha binti yetu Unguja kwa mama yangu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaota meno. Tuliambiana ni kwa muda mfupi tu. Chumba chetu kilikuwa Wembley, juu ya duka la Mhindi mzaliwa wa Kampala, na kazi yangu ilikuwa kusafisha maofisi Stratford. Kazi yake yeye ilikuwa Waholanzi wa kale.

Waholanzi hao, jamani! Niliwajua kuliko mashemeji zangu. Zama za masultani wa Kituruki walikuwa wakipeleka vitambaa vya sufu na pilipili manga Izmir, bandari ya Uturuki, wakirudi Amsterdam na pamba, hariri na nyuzi za manyoya ya mbuzi. Baharini kulikuwa na maharamia, kwa hiyo meli haikutoka peke yake. Zilingojana mpaka zote zipakiwe, mpaka manowari ya kuzilinda ije, ndipo ziondoke msafara mmoja. Mume wangu akinieleza hayo huku anakula wali niliompikia na miguu inaniwaka moto kwa kusimama tangu alfajiri.

"Itokayo peke yake hutekwa," alisema. "Na sisi ndivyo hivyo. Mtoto asije kabla mambo hayajakaa sawa. Nimalize masomo, tupate kibali cha kukaa, tupate nyumba, ndipo aje. Subira huvuta heri, mke wangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu.

Akacheka, akaomba aongezwe mchuzi.

Basi tukangoja. Mara msimamizi wake kahamia chuo kingine, mara lazima aende Uholanzi kusoma nyaraka, mara sura nzima iandikwe upya. Kila Jumapili nilinunua kadi ya simu kwa yule Mhindi, nikasikia kwamba mwanangu anajua kusoma, kahitimu juzuu, kaanza kupika chapati. Nilimwambia karibu utakuja. Mwanzo alikuwa akiuliza lini. Baadaye akaacha kuuliza, na baba yake akasema alhamdulillahi, mtoto kapata akili.

Siku moja nikamuuliza: "Na yule mfanyabiashara wa Izmir, aliyekwisha kuleta pamba yake bandarini, akawa anangojeshwa huo msafara wenu? Pamba ikiota ukungu, alikuwa akimlilia nani?"

Akafikiri, kwa kweli. "Nyaraka nilizosoma ni za Waholanzi," akasema. "Hilo hazisemi."

Hazisemi! Nilikiweka kijiko chini kwa sababu mkono ulitaka kukirusha.

Akaupata udaktari wake. Akavaa joho, tukapiga picha, na wenzake wakanipa mkono wakisema nimeolewa na mtu mwenye subira. Mwenye subira yeye! Kibali nacho kikatoka, na nyumba ya vyumba viwili tukaipata Neasden. "Msafara umetimia," akasema. Nikakipaka rangi chumba cha mtoto kwa mikono yangu, nikanunua koti la baridi kwa kukisia kimo. Viza yake ilipotoka, nikapiga simu Unguja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Viza yako tayari. Unakuja!"

Sikusikia vifijo. Nilisikia mama yangu akikohoa, kikohozi cha kizee nisichokijua, na binti yangu akimwambia atulie, anamletea maji. Kisha akarudi kwenye simu.

"Ahsante, mama. Lakini siji." Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonikata maini. "Wewe ulipomwacha Bibi, mimi nilikuwapo. Mimi nikimwacha, atabaki na nani?"

Mume wangu alikuwa kakaa kando yangu, anatabasamu, anangoja zamu yake ya kusema na mtoto. Nikampa simu.