Springi ya Bunduki ya Orrin

Orrin Tolliver alipokufa, mkewe Verna alirithi nyumba, paka mwenye jicho moja, na bunduki iliyoliwa na kutu kuliko marehemu mwenyewe. Ilikuwa ya babu yake Orrin, ile aina ya kukoki kwa kusukuma chini mkono wa chuma na kuurudisha. Ilitundikwa gereji miaka arobaini, na Orrin hakuruhusu mtu aiguse.

Sababu tuliijua mji mzima. Siku moja mlimani, kulungu dume mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana huku kwetu Montana alisimama mbele ya Orrin akitafuna, hatua thelathini tu. Orrin akarudi mikono mitupu. Alisema springi inayorusha nyundo ya bunduki ilivunjika. Rafiki yake Dell Haskett, fundi wa kuchomelea vyuma, alisema kilichovunjika ni moyo wa Orrin. Walibishania hilo kila asubuhi katika mkahawa wangu, mayai yakipoa, na hata siku ya mazishi Dell hakuona haya kugusia.

"Basi nitaifungua," Verna akamwambia Dell wiki iliyofuata, mkahawani mbele ya watu wote. "Nitaitengeneza ing'ae, na hiyo springi iliyovunjika nitakuwekea kwenye sahani yako."

"Shemeji, hata kopo la maharage linakushinda kufungua."

"Na wewe mdomo unakushinda kufunga."

Verna alikuwa na miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa shule, na bunduki aliijua kwa kuifuta vumbi. Meza yake ya kulia ikawa karakana. Aliharibu bisibisi tatu. Kutu aliitoa kwa mafuta na steelwire ya kusugulia sufuria, taratibu, huku akimtukana marehemu. Mbao ya kitako aliipaka mafuta kwa kidole gumba, kila siku mara moja, miezi mitatu. Mimi jirani yake nilikuwa nikila kwake sahani ikiwa mapajani.

Skurubu za ndani ndizo zilizokuwa za mwisho kukubali. Siku hiyo aliniita. Springi ilikuwa nzima, haina hata ufa. Halafu akafungua kijitundu cha kitakoni, cha kuwekea fimbo ya kusafishia, zikaanguka risasi tano. Kwa nyuma hazikuwa na alama yoyote ya kugongwa na nyundo ya bunduki.

"Alikoki mara tano," Verna akasema polepole. "Akazimwaga zote chini, kisha akaziokota akazificha. Hakufyatua hata moja."

Hiyo ni homa ya kulungu. Mwindaji anatetemeka, anadhani anapiga, kumbe anakoki tu, na kila akikoki risasi nzima inaruka chini. Huku kwetu mtu husamehewa wizi wa ng'ombe kabla ya kusamehewa hilo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nakiri. Verna naye alicheka, kisha akalia.

"Mjinga wangu huyu," akasema. "Miaka arobaini, hata mimi hakuniambia."

Akaiweka springi kizingitini, akachukua nyundo ya kupondea nyama, akaivunja vipande viwili.

Asubuhi akaviweka juu ya mayai ya Dell. Dell akavaa miwani. Chuma pale kilipokatika kiling'aa kama kijiko kipya, na mtu huyu ameshika vyuma miaka hamsini. Niliona ameona kuwa imevunjwa jana. Nikabaki na birika la kahawa mkononi, nikimchukia mapema kwa atakalosema.

"Imevunjika," akasema. "Tena zamani sana. Oneni, hata kutu imeshaingia." Hapakuwa na kutu popote. "Orrin alisema kweli. Mpumbavu nilikuwa mimi."

"Na bado ni wewe," Verna akajibu, akamsogezea chumvi.

Wiki iliyofuata Dell alikuja na springi mpya aliyoitengeneza kwa mikono yake. Akaisukuma mbele ya kikombe cha Verna.

"Shika, shemeji. Hii usiipige nyundo."