Mguu wa Mama Breki

Wanafunzi wake ndio waliompa jina la Mama Breki, na jina likamkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alifundisha udereva karibu maisha yake yote ya kazi, akiwa kwenye kiti cha kushoto cha gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa. Hapo miguuni pake palikuwa na breki ya pili, ya mwalimu. Mwanafunzi anakaba usukani utadhani kakamata mwizi, jasho linamtiririka, na yeye pembeni katulia tuli anafuta miwani. Mwanafunzi akiipita taa nyekundu, au akimwona mbuzi akakanyaga mafuta badala ya breki, gari linasimama lenyewe, na Mama Breki hata sauti hajaipandisha.

"Mguu wangu una macho," alipenda kusema. Watu wakicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mguu ulikuwa ukifika kabla mwenyewe hajajua kwamba unakwenda.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na yeye pia alipitia mikononi mwake. Ndiko walikojuana. Alifeli mtihani wa udereva, akarudi kwa mwalimu. Akafeli tena, akarudi na posa. Majirani walisema alifeli makusudi, na bwana yule hakuwahi kukanusha hata siku moja. Baadaye leseni aliipata, wakanunua gari lao, lakini ndoa haikumwachisha mke kazi. Lile gari la nyumbani halikuwa na breki ya pili, na hilo halikumzuia. Kila mumewe alipochelewa kidogo kupunguza mwendo, yeye alilikanyaga zulia la upande wake, pu! Alilikanyaga mpaka likatoboka, bati likaonekana.

"Msishangae shimo hilo," mume aliwaambia wageni. "Mke wangu anafunga breki kwa zulia. Na bati nalo likitoboka, atashusha mguu barabarani alisimamishe gari kwa kisigino."

Safari ya ughaibuni ilikuwa wazo la huyo huyo fundi. Aliisema kila mwaka, ikawa kama mzaha wa nyumbani, mpaka siku aliporudi amekwisha kuweka nafasi za ndege, hoteli na gari.

"Tukishuka tu kwenye ndege, tunakodi gari pale pale uwanjani," alimwambia mkewe, huku akimwonyesha kwa mikono. "Naendesha mimi. Kule dereva anakaa kushoto, sikia vizuri. Wewe utakaa kulia, kwenye kiti usichokizoea, kwenye barabara usiyoijua. Siku hiyo ndiyo utanyamaza."

"Nitanyamaza nikiwa nimelala."

"Basi lala, mama. Ndicho ninachokitaka. Umekaa macho kwa ajili ya watu miaka yote hii, siku moja lala."

Hakuendesha. Alifariki mchana kweupe, kwenye kochi la sebuleni, bisibisi ikiwa bado mkononi. Alikuwa amesema anajinyoosha kidogo.

Msiba ukaja na watu wake, na watu wakaondoka na vyungu vyao. Mama Breki hakulia. Walimsifu kwamba amejikaza, wengine wakanong'ona kwamba ana roho ngumu, na wote walikosea. Mnaijua ile sindano ya daktari wa meno? Shavu lipo, unaligusa kwa kidole, unalikuta, lakini si lako. Basi hivyo hivyo, ila kwake ganzi haikuishia shavuni. Alipika, alifagia, aliitikia salamu. Chai ilimuunguza ulimi akaja kujua jioni.

Akarudi kazini. Alikuwa akimfundisha mama mmoja muuza vitambaa, mtu mzima, mwoga wa kutisha, na walikuwa wakikaribia kona ya sokoni. Mbele yao akajitokeza mtu wa baiskeli kabeba trei za mayai nyuma, zimepangwa juu kwa juu kama ghorofa. Mama Breki alimwona. Alimwona mapema sana. Aliziona hata kamba alizofungia. Akaungoja mguu ushuke, kama unavyongoja mtu ajibu hodi, na mguu ukakaa vile vile, umelala juu ya breki kama paka.

Aliyefunga breki ni mwanafunzi, tena kwa bahati, akitafuta klachi. Gari likazimika shubiri chache kutoka kwa yale mayai. Mwenye baiskeli akageuka, akatukana tusi refu lililopangika vizuri, akaenda zake.

"Mwalimu!" muuza vitambaa akapumua, mkono kifuani. "Ulikuwa unanijaribu, eti? Ulitaka uone kama nitasimama!"

"Nilikuwa nakujaribu," akasema Mama Breki.

Siku ile ile akamwambia mwenye shule kwamba anaumwa mgongo, na hakupanda tena gari kama mwalimu wala kama dereva. Habari ya mguu hakumwambia mtu. Mwalimu wa udereva ambaye mguu wake umelala amebaki na nini? Amebaki na kibao juu ya paa.

Watoto wake ndio waliomsukuma safarini. "Mama, baba alikwisha kulipa kila kitu, nenda kapumzishe akili." Akakubali, kwa kuwa kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Wakampa wa kumsindikiza: shangazi yao, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi, ambaye ndani ya ndege alikuwa amekwisha kujua habari za ndoa za abiria wa safu tatu.

Basi tuwakute pale uwanjani, asubuhi, kwenye ukumbi wa wakodisha magari. Kaunta ndefu inang'aa, pembeni kuna ua la plastiki lenye vumbi la kweli. Nyuma ya kaunta, binti mmoja mwenye kitambaa cha kijani shingoni akagonga mashine yake, akatazama, akatabasamu.

"Karibuni sana. Gari lipo, limeandikwa kwa jina la bwana. Yeye ndiye dereva. Yuko wapi?"

"Hakuja," akasema Mama Breki.

"Anakuja baadaye?"

"Hapana."

Wifi yake akasogea, akaegemeza kifua chote kwenye kaunta. "Mwanangu, huyo bwana ni kaka yangu, na amefariki. Waliobaki ndio sisi unaotuona, na gari lake tunalitaka."

Tabasamu la binti likashuka polepole. "Poleni jamani. Poleni sana. Lakini gari bila dereva siwezi kulitoa. Labda mmoja wenu awe anaendesha."

Hapo niwaambie siri ambayo hata wifi hakuwa nayo: jibu hilo ndilo Mama Breki alilokuwa akiliombea tangu kwao. Wangekataliwa kwa heshima, wangechukua teksi, wangekaa hotelini wakitazama bahari ya watu wengine, wangerudi. Leseni alikuwa ameitia chini kabisa ya mkoba, chini ya dawa, chini ya soksi, mahali ambapo mtu hatii kitu anachotaka kukiona.

"Anaendesha!" wifi akapaza sauti, mpaka mlinzi mlangoni akageuka. "Huyu unayemwona amefundisha nusu ya mji wetu. Nusu nyingine inatembea kwa miguu, kwa sababu aliikataa."

"Wifi," akasema Mama Breki.

"Wifi nini? Uongo?"

Binti akamwinamia mjane kidogo, na sauti yake ikawa ile ya kikazi, kavu, isiyo na haraka. "Leseni unayo, mama?"

Na ilikuwa sauti yake mwenyewe ile. Ndivyo alivyowauliza wanafunzi kila asubuhi kabla hawajagusa mlango. Jibu likatoka bila ruhusa yake.

"Ninayo."

Wakapelekwa nje, kwenye uwanja wa maegesho. Gari lilikuwa la kijivu, limeoshwa, linanuka sabuni. Mtu wa makabidhiano akalizunguka pamoja nao, akawaonyesha mkwaruzo mlangoni ili wasije kusingiziwa, akampa Mama Breki ufunguo, akawatakia safari njema. Wifi akabaki nyuma akishindana na masanduku, maana alikuwa amefunga nguo za kutosha harusi mbili.

Mama Breki akaenda upande wa kushoto. Miguu ilimpeleka yenyewe, kama kila siku. Akafungua mlango, akaketi, akavuta mkanda, akausogeza mguu wa kulia juu ya breki. Akarekebisha miwani. Akatazama mbele.

"Haya," akasema taratibu. "Vioo kwanza. Washa gari. Usiwe na haraka, barabara haiondoki."

Akangoja.

Alingoja vizuri, kwa subira, mikono mapajani. Wifi alifunga buti la gari kwa kishindo, akazunguka, akasimama dirishani akamtazama. Mama Breki alikuwa amegeuza uso kulia, kwenye kile kiti kitupu, na uso wake ulikuwa ule wa mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kufikiri.

"Wifi," dada wa marehemu akauliza, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Unamngoja nani?"

Hapo ndipo alipouona usukani. Ulikuwa mbele yake, umemgusa karibu na magoti, wala hakuwa ameuona. Kiti kile kile cha kushoto, alichokalia umri mzima, na leo kina usukani! Alitazama tena kulia. Hakukuwa na mtu wa kuwasha gari.

"Ingia," akasema.

Wifi akaingia, akakaa pale kulia, mahali pa kaka yake. Alikijaza kiti chote.

"Wifi, nina jambo," Mama Breki akasema, akiangalia mbele. Alilisema lile jambo lote bila kupamba: kona ya sokoni, mayai, na mguu uliokaa. "Haushuki. Naona kila kitu, lakini haushuki. Turudishe ufunguo."

Wifi hakusema pole. Alifikiri, akikuna shingo. "Huo mguu, ukiufinya unasikia?"

"Kidogo."

Akaufinya. Akaufinya kwa nguvu zote.

"Wewe!"

"Kumbe unasikia." Akajiweka sawa kitini. "Sasa nisikilize. Mimi sijui kuendesha hata toroli. Lakini kuna kazi moja ninaijua toka utotoni, na kaka yangu angekuwepo angetoa ushahidi: kupiga kelele. Wewe endesha pole pole. Mimi natazama. Nikiona mtu, nikiona gari, nikiona hata njiwa, napiga kelele, wewe unashusha mguu. Mimi ndiye breki yako."

Mama Breki alitaka kucheka, akakitafuta kicheko mahali kilipokuwa kikikaa, hakukikuta. Lakini akawasha gari.

"Vioo," akajiambia kwa sauti, kama anavyomwambia mgeni wa usukani. "Mkanda. Achia taratibu. Kaa upande wako wa kulia, usijisahau."

Gari likatoka kwenye mstari, likatambaa kati ya magari mengine. Wifi alitazama kweli, kwa macho makubwa. Alipiga kelele kwa basi lililokuwa mbali kabisa. Alipiga kelele kwa nguzo. Mama Breki alisimama kila mara alipoitwa, kwa utiifu, bila hofu wala nafuu, mguu ukishuka kama mlango mzito unaosukumwa na mtu mwingine. Wakaikaribia njia ya kutokea. Hapo wifi akaona kiatu chake kimoja kimeponyoka chini ya kiti, akainama kukitafuta, kichwa chote kikapotea chini ya dashibodi.

Kando ya njia, familia moja ilikuwa ikipakia mizigo. Mkokoteni wao wenye masanduku uliachiwa kidogo tu, ukashika mteremko, na nyuma yake mtoto mdogo akiukimbilia, mikono mbele, akicheka.

Gari lilikuwa limesimama.

Limesimama kabisa, na mkokoteni ukapita mbele ya boneti, na mtoto akapita, na baba mtu akapita akipiga mayowe, akamdaka. Kichwa cha wifi kikagonga dashibodi, ko!

"We! Mbona umefunga breki?" akafoka kutoka kule chini. "Mimi sijapiga kelele bado!"

Mama Breki hakuwa akimtazama. Alikuwa akiutazama mguu wake. Ulikuwa chini, umekanyaga mpaka mwisho, na unatetemeka toka nyonga. Nyuma yao mtu akapiga honi, na mwingine akaitikia.

"Wanatupigia honi," wifi akasema, akisugua paji la uso. Sasa alikuwa amemwona mtoto, ameshikwa mkono na baba yake, na sauti yote ilikuwa imemwisha.

"Waache wapige. Honi haina breki." Hivyo ndivyo alivyowaambia wanafunzi. "Mguu unaniuma, wifi."

"Unauma wapi?"

"Kote. Mpaka juu."

"Basi afadhali," wifi akasema polepole.

Mengine yalikuwa yamekaa vile vile. Shavu lilikuwa bado si lake, na barabara iliyokuwa mbele haikumvutia wala kumtisha. Lakini mguu ulikuwa wake, maana uliuma, na kitu kinachouma hukiachi uwanjani. Mtetemo ulipopungua akaangalia vioo, akaachia, wakaingia barabara kuu.

Kwenye kona ya kwanza kubwa, lori likawajia kutoka mbele, likiwa upande wake halali. Mama Breki akasikia kishindo upande wa kulia: pu! Akatupa jicho. Wifi alikuwa kimya, meno yamebana, mikono yote miwili kwenye mkanda, na mguu wake wa kulia umekandamiza zulia jipya la watu kwa nguvu zake zote.

"Wifi," akasema Mama Breki, macho barabarani. "Usikanyage zulia. Utalitoboa."