Pwani Iliyochorwa kwa Nukta

Kwa miaka mitatu Dominiki alikaa kwenye kibanda cha lango la kiwanda cha rangi pale Jacobs, akiandika namba za malori yaliyoingia na kutoka. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umesimama wima, na msimamizi hakuwahi kumrudishia daftari kwa kosa. Kosa lake moja lilikuwa kwenye karatasi nyingine kabisa, na tangu barua ifike mwezi Machi 2012 lilikuwa likimwamsha kila alfajiri.

Barua ilisema yeye, mkewe Godelive na watoto wao wawili wafike kwenye mahojiano ya wakimbizi ya kuhamia Australia. Fomu alikuwa ameijaza mwaka 2008, akiwa chini ya hema uwanjani mwa kanisa, wiki wageni kama yeye walipofukuzwa majumbani mwao na wenyeji. Penye nafasi ya watoto aliandika: Iteka, Fabien. Fabien alikuwa wa kumzaa mwenyewe. Iteka alikuwa binti wa kaka yake, Jean-Bosco, aliyeuawa vitani pamoja na mkewe. Aliletewa mtoto huyo akiwa na miaka mitatu, na sasa alikuwa na kumi na sita. Kwao Bururi mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, hakuna anayeuliza zaidi, na mtaa mzima wa Cato Manor ulimwita Dominiki Papa Iteka, yaani baba wa Iteka. Aliandika bila kusita. Sasa alikuwa amesikia kwamba huko ofisini siku hizi wanapima damu kuthibitisha nani mzazi wa nani.

Ili asikae bure na hofu, aliazima maktaba kitabu cha Wazungu wa kwanza waliochora ramani ya nchi ile. Huenda wangemuuliza. Alinakili kila kitu kwenye daftari lake: Waholanzi walioshuka pwani ya magharibi mwaka 1616, Tasman aliyepita kusini mwaka 1642, na wengine waliokuja kuingia jangwani.

"Papa Iteka, iko tena na wale Wazungu wako?" aliuliza Gustave, Mkongomani aliyeendesha forklifti ya kuinulia mizigo, alipokuja kibandani na kopo lake la sombe, kisamvu cha kwao.

"Huyu Sturt aliingia jangwani na mashua."

"Mashua ya kufanya nini?"

"Aliamini katikati ya nchi kuna bahari. Kuna mtu alishaichora kwenye ramani bila kufika."

"Na ilikuwako?"

"Mawe na mchanga. Walikwama miezi sita wakingoja mvua. Msaidizi wake akafia huko."

"Eish. Angeniuliza mimi, ningemwambia aache mashua abebe sombe." Gustave alitafuna kidogo, kisha akashusha sauti. "Lakini sikia, mzee. Kule usibadilishe kitu. Ile umeandika, ni ile ile. Famille moja ya Albert Park walibadilisha tarehe moja tu, dossier yao, faili lote, ikafungwa."

"Na wakitaka damu?"

Gustave alifunika kopo. "Hapo sijui."

Nyumbani Godelive alisema jambo moja tu, huku akichambua maharage. "Wakisema twende watatu, mimi sitoki hapa."

Jumapili kabla ya mahojiano Iteka alimshikia Dominiki daftari ili amuulize maswali. Akafika kwenye ramani aliyoinakili kwa kalamu ya wino.

"Papa, hapa mbona umeweka nukta?"

"Ndivyo ilivyo kitabuni. Pwani waliyoiona walichora mstari. Ambayo hawakuiona wakaweka nukta."

"Si wangeunganisha tu? Nani angejua?"

"Meli inayokuja nyuma yao."

Iteka alifungua ukurasa mwingine. Dominiki hakulisikia swali lililofuata, akaomba arudie.

Siku ya mahojiano hakuna aliyemuuliza habari za Tasman. Ofisa, mama mwenye miwani, aliuliza kupitia mkalimani, Marie-Claire: "Una watoto wangapi?"

Dominiki alimgeukia mkewe. Godelive alimtazama, akainamisha kichwa kidogo.

"Wawili. Mmoja nimemzaa. Mwingine kaka yangu alimzaa, akafa, nikamlea. Kwenye fomu sikulisema hilo."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Kwa nini unalisema leo?"

"Kwa sababu mkija kuligundua nyinyi, huyo mtoto ndiye atakayebaki."

Ofisa akaagiza Iteka aingie peke yake. Dominiki, Godelive na Fabien walikaa kwenye benchi la nje dakika arobaini. Mara mbili Dominiki alisimama kwenda kunywa maji, na mara mbili akarudi bila kunywa.

Hatimaye Marie-Claire alitoka na msichana. "Faili halijafungwa, papa. Linawekwa pembeni. Wanataka cheti cha kifo cha kaka yako na barua ya komini, serikali ya mtaa ya kwenu, kwamba mtoto yuko mikononi mwako. Bila hivyo, haliendelei."

"Kwa muda gani?"

"Hawajasema."

Waliposhuka ngazi Dominiki alimuuliza Iteka walimtaka nini.

"Waliniuliza baba yangu anaitwa nani."

"Ukasemaje?"

"Nikataja wawili."

Kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja kuvuka, Dominiki alitoa daftari akaandika: komini Bururi, cheti, barua. Kisha akabaki ameshika kalamu, akijaribu kukumbuka jina la mtu hata mmoja ambaye bado yuko kule wa kumpigia simu. Taa iligeuka kijani. Iteka akamvuta mkono.