Zinki ya Kidoti

Fundi alikuwa na mikono ya kuunga chochote. Geti liking'oka, kitanda kikivunjika mguu, alivaa miwani yake nyeusi, cheche zikaruka, na kitu kikarudi kizima. Huenda ndiyo maana hali ya binti yake ilimnyong'onyeza hivyo. Kidoti, kama walivyomwita kwa alama iliyokuwa kidevuni mwake, alizaliwa na hali ya Down, inayomchelewesha mtoto kukua na kuongea. Alikuwa na miaka sita, maneno ya kuokoteza, na maradhi yasiyompa nafasi: kifua kikipoa, sikio linaanza.

Hospitali wakataka kumpima madini yaliyomo kwenye damu. Fundi ndiye aliyempakata. Mtoto alidhani ni mchezo, akanyoosha mkono mwenyewe huku akicheka. Sindano ilipoingia hakumtazama nesi. Alimtazama baba yake. Fundi akaugeuzia uso wake ukutani.

Majibu yalipotoka, daktari alisema, "Zinki iko chini, shaba iko juu kidogo. Watoto wengi wenye hali hii tunawakuta hivyo."

"Zinki?" Fundi alicheka kicheko kikavu. "Daktari, mabati ninayochomelea yamepakwa zinki. Navuta moshi wake kutwa nzima, halafu mwanangu ndiye anayeikosa?"

"Ya kwenye moshi ni sumu tu, baba. Tutampa dawa ya maji yenye zinki. Inaweza kumsaidia asiugueugue. Au isisaidie. Sitaki nikudanganye."

"Na kuongea, je? Ataongea?"

Daktari aliweka karatasi ya majibu mezani. "Hilo damu haituambii."

Dawa ilikuwa na ladha mbaya, na siku za mwanzo Kidoti aliitapikia kwenye shati la baba.

"Mpe kidogo kidogo, mume wangu," mkewe akamsihi. "Itampalia."

Wakazoea, wote watatu. Kipimo cha pili kikaja kizuri: zinki imepanda. Fundi alitoka pale miguu haigusi chini, akampigia simu dada yake njiani. Wiki hiyohiyo kifua kikambana Kidoti, akalazwa, mpira wa hewa puani.

"Mama Kidoti," Fundi alinong'ona kando ya kitanda, "damu si imekaa sawa? Sasa nimfanye nini?"

Mkewe alimsogezea kiti.

Kidoti akapata nafuu, kama safari zilizopita, akarudi nyumbani na kikohozi chake. Fundi bado anampa ile dawa kila asubuhi. Hajui kama inasaidia. Anaogopa tu kuiacha.