Usimuulize Habari ya Nyumbani

Nakumbuka siku yangu ya kwanza kazini, mwanangu, na sipendi kuikumbuka. Lakini umeniambia kwamba Jumatatu anakuja mfanyakazi mpya hapo kazini kwenu, na wewe ndiye uliyepewa kumpokea. Basi kaa hapa, na hiyo simu iweke chini.

Ilikuwa wakati wa vita. Kijiji chetu, kule juu kwenye milima ya Fizi, kilichomwa moto, nami nikashuka mjini Baraka peke yangu. Mume wangu na watoto wetu wawili tuliwazika huko huko. Hospitali moja ilikuwa inatafuta mfua nguo. Sikuwa na chakula wala pa kulala, na bila kazi ile ningekufa njaa.

Nilipofika penye mabeseni, shuka zilikuwa zimejaa damu. Wenzangu wakanipokea kwa uchangamfu. Walikuwa watu wema, nisiwasingizie. Mmoja wao, Furaha, mdomo wake haukujua kupumzika. Akanisalimu kama tulivyozoea sote.

"Habari ya nyumba?"

"Muzuri."

"Bwana iko?"

"Iko."

"Na batoto?"

"Bako muzuri."

Wewe ungejibu nini? Salamu yetu haina nafasi ya jibu jingine, hasa mbele ya watu. Basi nikawa nimewafufua wafu wangu, na ikanibidi kuwalea kila siku. Furaha akiuliza kama mdogo ameota meno, nasema ameota. Akiuliza kama kikohozi kimepona, nasema kimepona. Naenda kulia chooni, naosha uso, narudi kufua.

Kisha akaniletea gauni. Binti yake alikuwa amekua, halimtoshi tena, akasema wa kwangu alivae Jumapili kanisani. Nililipokea, nikashukuru. Moyoni nikasema kesho sirudi, njaa na iniue.

Sasa pale tulikuwa na mkubwa wetu, Mama Asende. Yeye hakuwahi kuniuliza lolote la nyumbani. Unajua shuka nzito haikamuliwi na mtu mmoja, basi kila asubuhi aliniambia tu, "Kamata ncha ile." Tukiwa tunakamua ndipo anaongea. Maji ya leo si baridi sana? Sabuni hii inatoa povu kweli? Chai yako unaweka sukari? Nilimpenda kwa maswali hayo, kwa sababu niliweza kuyajibu bila kusema uongo.

Jioni ile ya gauni tukashika shuka ya mwisho, mimi huku, yeye kule. Kweli ikanitoka.

"Mama, nilidanganya. Batoto balikufa. Na baba yabo."

Hakuiachia shuka.

"Nilijua," akasema. "Jua ikishuka, bamama bote banakimbia kurudi kwa batoto. We peke yako hauna haraka. Kamua, binti yangu. Kesho ukuje."

Nikaja. Gauni nililoliacha pale Mama Asende alikuwa amelichukua, akampa mtoto mmoja aliyelazwa hana nguo. Naye Furaha, aliyekwisha kuelezwa naye, siku hiyo alinyamaza kutwa nzima, Furaha yule! Alikuwa anafua huku analia.

Basi huyo mgeni wako, mwanangu, usimuulize anatoka wapi wala amemwacha nani. Utaniambia vita vile vilikwisha. Vya kwake unavijua? Mwonyeshe maji ya kunywa yalipo. Muulize kama amekunywa chai, kama kiti kinamfaa. Mtafutie kazi ya kufanywa na watu wawili, uifanye naye. Ya nyumbani atayaleta mwenyewe siku akitaka, na asipoyaleta, usiyachokonoe.

Nenda sasa, giza linaingia na watu wako wanakungoja. Mungu akulindie nyumba yako. Siku zote watu wakikuuliza kama watoto hawajambo, nawe ukajibu hawajambo, Mungu ajalie iwe kweli.